Kabla Chandarua Hakijafika Zombo

Mjamzito wa Kata ya Zombo, Wilaya ya Kilosa, anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza anastahili kupewa chandarua chenye dawa bila malipo. Mtoto naye anastahili chake anapoletwa kuchanjwa surua akiwa na umri wa miezi tisa. Utaratibu huu, unaofahamika kwa jina la Chandarua Kliniki, ulianza mwaka 2016 katika baadhi ya mikoa na baadaye ukaenea. Muuguzi huandika jina kwenye rejista, humkabidhi mama mfuko wake na kumweleza namna ya kukitumia. Shughuli yote ni ya dakika chache, kisha foleni inasonga.

Kwa mama anayekipokea, neno bure ni la kweli: hakutoa hata shilingi. Kwa upande wa kiwanda, fedha zilianza kutoka miaka mingi kabla mfuko huo haujafungwa, wakati hakuna aliyejua kwa hakika kama chandarua hicho kingemuua mbu au kingempa tu mahali pa kupumzikia. Kuifuatilia safari ya fedha hizo si kazi ya wahasibu peke yao. Mhudumu wa afya huulizwa kwa nini chandarua cha mwaka huu si kama cha zamani, kwa nini kimechelewa, au kwa nini kimetoboka mapema. Na majibu mengi yamo katika matumizi yaliyofanyika kabla bidhaa haijaingia sokoni.

Kampuni inayokaribia kutoa bidhaa mpya huwa na hesabu mbaya kwa muda. Watafiti wamekwisha kulipwa, mitambo imeagizwa, malighafi imejaa ghalani, wafanyakazi wanafundishwa kazi, na bado hakuna kilichouzwa. Mkulima wa mpunga wa Kilosa anaijua hali hiyo vizuri kuliko wasomaji wengi wa taarifa za fedha. Mvua zikianza amelipa trekta, amenunua mbegu, anadaiwa na vibarua wa palizi, na ghala lake ni tupu. Tofauti ni kwamba yeye husubiri miezi michache, na mtengenezaji wa kiuadudu husubiri miaka kumi au zaidi. Tena mkulima anajua kwamba mpunga ukiiva utapata mlaji. Mtengenezaji wa kifaa cha kupambana na malaria hana hakika hiyo, kwa sababu mwenye shida hana fedha, na mwenye fedha, yaani serikali au mfadhili, halali chini ya chandarua hicho.

Ushahidi kwamba vyandarua huokoa maisha ya watoto vijijini ulipatikana jirani kabisa na Kilosa. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, katika mkoa huohuo wa Morogoro, watafiti wa Ifakara waliendesha kuanzia 1996 mradi wa KINET, uliouza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa bei nafuu, kwa jina la biashara la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa matumizi ya vyandarua vyenye dawa yalihusiana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Hoja ikawa imethibitika. Kilichobaki kilikuwa jambo dogo kwa kulitazama, nalo ndilo lililoleta taabu: dawa yenyewe.

Wakati huo dawa ilikaa juu ya nyuzi. Chandarua kikifuliwa mara chache iliondoka, na kaya ilipaswa kununua dawa nyingine na kukiloweka upya katika beseni, mara moja au mbili kwa mwaka. Wengi hawakufanya hivyo. Ni rahisi kuwalaumu, na semina nyingi ziliwalaumu, lakini mpango wa afya unaotegemea kila mama akumbuke kununua pakiti ya dawa wakati uleule anaotakiwa kununua sare za shule na jembe ni mpango wenye kasoro tangu ulipoandikwa.

Jibu lilitoka kiwandani. Huko Japani, kampuni ya kemikali ya Sumitomo Chemical ilikuwa ikitengeneza wavu wa madirisha ya viwanda wa kuzuia wadudu. Mwanasayansi wake, Takaaki Ito, aliendeleza mbinu ya kuchanganya kiuadudu cha permethrini na plastiki ya polietilini kabla plastiki hiyo haijavutwa kuwa uzi. Dawa ikawa ndani ya uzi, ikijitokeza juu polepole kadiri ile ya juu inavyopungua kwa kufuliwa na kushikwashikwa. Chandarua kilichotokana na mbinu hiyo kiliitwa Olyset, na Oktoba 2001 Shirika la Afya Duniani lilikitambua kuwa cha kwanza cha aina ya dawa ya kudumu.

Ujuzi ulikuwa Japani na mbu walikuwa Afrika. Mwaka 2003 uzalishaji ulianza Arusha, katika kiwanda cha A to Z Textile Mills, ambacho tangu miaka ya 1960 kilikuwa kikitengeneza nguo. Sumitomo ilitoa teknolojia hiyo bila kudai mrabaha. Mfuko wa Acumen wa Marekani ulikopesha dola 325,000 kwa ajili ya mitambo. Kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ilihusika na upatikanaji wa malighafi ya plastiki, na UNICEF ikawa miongoni mwa wanunuzi. Ni vyema kuutazama mgawanyo huo kwa makini, maana ndio kiini cha jambo zima. Mtambo unaoyeyusha plastiki na kuivuta kuwa nyuzi haufanani na cherehani ya kushonea fulana. Ukinunuliwa na soko lisipopatikana, haubadilishwi kwa kazi nyingine kwa urahisi. Mwenye kiwanda wa Arusha asingeweza kuibeba hasara hiyo peke yake, na benki ya kawaida isingemkopesha kwa ahadi ya kwamba malaria ipo. Hatari iligawanywa, kila mmoja akabeba kipande asichoshindwa kukipoteza.

Baada ya hapo matumizi ya kiwanda yalipanda kwa haraka. Sumitomo na A to Z ziliunda kampuni ya ubia, Vector Health International, ikajengwa mitambo mingine nje kidogo ya Jiji la Arusha, na uwezo wa uzalishaji ukafikia karibu vyandarua milioni 30 kwa mwaka. Waajiriwa walikuwa takriban 7,000, wengi wao wanawake. Rais George W. Bush wa Marekani alikitembelea kiwanda hicho tarehe 18 Februari 2008. Utaratibu wa matukio usisahaulike: mitambo ilitangulia, oda kubwa zikafuata. Tanzania ilipofanya kampeni zake za ugawaji kati ya 2009 na 2011, kwanza kwa watoto chini ya miaka mitano na kisha kwa kila kaya, vyandarua vya Olyset viligawiwa kwa mamilioni, na uwezo wa kuvitengeneza ulikuwa umekwisha kujengwa ndani ya nchi. Kama kiwanda kingesubiri oda ndipo kianze kununua mitambo, kampeni hizo zingesubiri pia.

Takwimu za kitaifa zilishuka. Katika uchunguzi wa 2015 na 2016, asilimia 14.4 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikutwa na vimelea kwa kipimo cha haraka. Mwaka 2017 ilikuwa asilimia 7.3. Mwaka 2022 ikawa 8.1. Tarakimu hiyo ya mwisho haiogopeshi kwa ukubwa wake, lakini mteremko umekoma, na miongoni mwa sababu wanazozitaja wataalamu ipo moja inayolihusu soko moja kwa moja: mbu amebadilika.

Kwa muda mrefu vyandarua vyote vya dawa ya kudumu vilitegemea jamii moja tu ya viuadudu, pairethroidi, ambayo asili yake ni ile sumu ya ua la pareto linalolimwa katika nyanda za juu za kusini. Ni dawa nzuri: humwangusha mbu kwa dakika chache na ni salama kwa mtoto anayelala chini yake. Lakini jamii hiyohiyo hunyunyiziwa pamba na mboga, huwekwa katika makopo ya dukani, na hupakwa kuta. Mbu waliozaliwa na vimeng'enya vingi vya kuivunjavunja sumu hiyo wakabaki hai, wakazaa, na usugu ukaenea. Kampuni zilizokuwa zimemaliza kurudisha gharama za mitambo zikalazimika kurudi maabara na kuanza kutumia fedha upya.

Hapo ndipo uchumi wa jambo hili unapokuwa mgumu. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 kuhusu viuatilifu vya kilimo yalionyesha kuwa kiambata kimoja kipya hugharimu wastani wa dola milioni 286 na zaidi ya miaka 11 kutoka ugunduzi hadi mauzo ya kwanza. Soko la mahindi, soya na pamba duniani linaweza kuzirudisha fedha hizo. Soko la vyandarua haliwezi, kwa kuwa kila chandarua huuzwa kwa dola chache tu na mnunuzi mkubwa hupigania kila senti. Kwa hiyo mtoto wa Zombo hulindwa, kwa kiasi kikubwa, na mabaki ya utafiti uliofanywa kwa ajili ya mashamba ya watu wengine. Si jambo la kupendeza kulisema, ila ndivyo lilivyo.

Klorfenapiri ni mfano wake. Kiambata hiki kiligunduliwa katika miaka ya 1980 na kampuni ya Marekani ya American Cyanamid kwa ajili ya wadudu waharibifu wa mazao. Kampuni ya Ujerumani ya BASF ilikirithi iliponunua biashara ya viuatilifu ya Cyanamid mwaka 2000. Kukiweka kwenye chandarua kulichukua zaidi ya muongo mmoja wa kazi ya pamoja ya BASF na Chuo cha Usafi na Tiba ya Kitropiki cha London, pamoja na majaribio katika vibanda vya utafiti, ikiwa ni pamoja na vile vya Moshi.

Kikwazo kimoja kilikuwa kipimo chenyewe. Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu, hivyo maabara zilizoea kumwachia mbu dakika chache juu ya dawa, kumtunza saa 24, kisha kuhesabu waliokufa. Klorfenapiri haifanyi kazi hivyo. Humwingia mbu ikiwa haina makali; vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu, nayo hukata uzalishaji wa nguvu ndani ya seli. Mbu aliyetulia mchana katika chupa ya maabara hubadilisha kidogo tu. Mbu anayerukaruka usiku akitafuta damu hubadilisha nyingi. Kwa kipimo cha zamani dawa ilionekana dhaifu kuliko ilivyo, na watafiti walihitaji miaka kuonyesha kwamba inafaa kupimwa usiku, katika joto linalofanana na la chumba cha kulala, na mbu wahesabiwe hadi saa 72. Fedha zilizotumika hapo hazikuboresha bidhaa hata kidogo. Ziliboresha macho ya kuiona. Mhasibu asiyejua sayansi angeweza kuufunga mradi katika mwaka wa tatu, na asingelaumiwa na mtu.

Hapa ipo nukta inayowafurahisha wanafunzi wa bayolojia. Vimeng'enya vinavyompa mbu usugu dhidi ya pairethroidi ndivyo hivyohivyo vinavyosaidia kuiamsha klorfenapiri. Njia nyingine iliyokuwa imejaribiwa, ile ya kuongeza kemikali ya PBO, inakwenda kinyume: PBO huvizima vimeng'enya hivyo ili pairethroidi ifanye kazi yake. Njia hiyo nayo ilipata ushahidi wake Tanzania. Jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa vyandarua vya Olyset Plus vyenye PBO vilipunguza maambukizi kwa watoto kuliko vya kawaida.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Misungwi, mkoani Mwanza, likiwahusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC na washirika wao wa nje. Vyandarua viligawiwa mapema mwaka 2019 na matokeo ya miaka miwili yalichapishwa katika Lancet mwaka 2022. Aina nne zililinganishwa. Baada ya miezi 24, asilimia 45.8 ya watoto katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea. Katika maeneo ya vyandarua vya klorfenapiri walikuwa asilimia 25.6. Visa vya malaria kwa watoto vilipungua kwa asilimia 44 katika miaka hiyo miwili. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo thabiti la kuvitumia badala ya vile vya pairethroidi pekee, panapokuwa na usugu.

Katika jaribio hilohilo ilikuwapo aina nyingine, iliyochanganywa na kemikali ya kumzuia mbu asizae. Nayo ilipitia maabara, vibanda, mitambo na miaka ya matumizi kama wenzake. Haikuonyesha ubora wa wazi juu ya chandarua cha kawaida. Hatari inayozungumzwa katika vitabu vya fedha ina sura hiyo hasa: bidhaa iliyotengenezwa kwa uangalifu, na watu wenye ujuzi, kwa fedha nyingi, ikafika Misungwi na mbu wasiijali sana. Anayedai kwamba kampuni zitengeneze tu vinavyofaa hajawahi kuona jinsi kinachofaa kinavyopatikana.

Lakini kampuni nazo zisipewe sifa kupita kiasi. Hutokea gharama za utafiti zikatajwa ili kutetea bei, kana kwamba zote zilitoka katika mfuko wa mtengenezaji. Sehemu kubwa ya gharama za klorfenapiri zilikwisha kulipwa na mauzo ya kilimo. Majaribio makubwa ya vijijini yaligharimiwa zaidi na fedha za umma na za mifuko ya hisani, na yakafanywa na watafiti na wasaidizi waliolipwa na taasisi zao. Wazazi wa Misungwi walikubali watoto wao watobolewe vidole mara kwa mara ili dunia ijue. Mchango huo hauandikwi katika hesabu za kampuni yoyote.

Hata baada ya ushahidi, mtego wa soko ulibaki. Chandarua kipya ni ghali kwa sababu kinatengenezwa kidogo. Kinatengenezwa kidogo kwa sababu hakinunuliwi. Hakinunuliwi kwa sababu ni ghali. Mduara huo ulikatwa kwa ahadi. Taasisi ya MedAccess ya Uingereza pamoja na Wakfu wa Gates waliihakikishia BASF kiasi cha mauzo, nayo ikapunguza bei. Sambamba na hapo, kuanzia 2018, Unitaid na Mfuko wa Dunia waligharimia mradi wa vyandarua vipya ulioongozwa na taasisi ya IVCC ya Liverpool. Kupitia jitihada hizo na za washirika wengine, vyandarua milioni 56 vya aina mpya vilifika nchi 17 za Afrika. Mdhamini wa namna hii, mauzo yakifikia lengo, anaweza asitoe senti. Thamani ya ahadi yake ni kumfanya mwenye kiwanda athubutu kuwasha mtambo.

Athari za kukosekana kwa ahadi zilionekana Kibaha. Huko Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba, lilijenga kiwanda cha viuatilifu vya kibayolojia vinavyoua viluwiluwi vya mbu kwa kutumia bakteria. Kilizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Julai 2015 kikiwa na uwezo wa lita milioni sita kwa mwaka. Sayansi yake haina shaka: bakteria hao huua viluwiluwi na hawamdhuru binadamu wala samaki. Juni 2017 Rais John Magufuli alipokitembelea, dawa ilikuwapo na wanunuzi hawakuwapo. Akaagiza halmashauri zote nchini ziinunue. Agizo la Rais ni jambo kubwa, lakini lilifika miaka miwili baada ya uzinduzi, kwa halmashauri ambazo bajeti zake zilikuwa zimepangwa kwa mambo mengine.

Tena dawa hiyo ina masharti yake. Hufaa pale ambapo madimbwi ni machache, hayahamihami na yanafikika. Katika mitaa ya mji mtu anaweza kuyaorodhesha. Katika kata ya mashambani wakati wa masika, ambapo kila nyayo ya ng'ombe imejaa maji na majaruba yanaenea hadi jicho linapoishia, kazi hiyo ni nzito mno. Maswali ya nani atanyunyiza, wapi, kwa bajeti ipi, yalistahili kuulizwa wakati mtambo ungali kwenye michoro. Gharama za kabla ya soko zilijumuisha majengo na mitambo, hazikumjumuisha mnunuzi.

Utegemezi wa wanunuzi wachache unabaki kuwa udhaifu hata kwa bidhaa zilizofanikiwa. Mwanzoni mwa 2025 Serikali ya Marekani, mmoja wa wanunuzi wakubwa wa vyandarua barani, iliposimamisha misaada yake ya nje, kila kiwanda kilichokuwa kimenunua malighafi kwa kutarajia oda kilikuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Liko eneo moja ambalo matumizi ya kabla ya soko yamekuwa haba isivyostahili, nalo ni uimara wa chandarua chenyewe. Fedha zimekwenda kwenye dawa; wavu umesubiri. Utafiti uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake nchini Tanzania, ukachapishwa mwaka 2020, ulifuatilia kwa miaka mitatu vyandarua vya aina tatu vilivyoaminiwa kudumu miaka hiyo yote. Kwa kipimo cha muda ambao nusu yake bado vinafaa, kimoja kilidumu miaka 2.0, kingine 2.5 na kingine 2.6. Misungwi nako, kufikia mwaka wa tatu, ni watu wachache tu waliokuwa bado wanalala chini ya vyandarua vya jaribio. Vilichanika. Kitanda cha kamba na fito, panya, mshumaa, mtoto anayekamata wavu ili asimame: hayo ndiyo maabara halisi ya uimara, na hayamo katika maabara nyingi za viwanda. Mnunuzi anayechagua kwa bei ya kipande kimoja, asihesabu gharama kwa kila mwaka wa matumizi, humfundisha mtengenezaji kwamba uzi imara haulipi. Mtengenezaji hujifunza upesi.

Mama wa Zombo anayerudi nyumbani na chandarua chake anaweza asikutane na lolote kati ya haya, isipokuwa jambo moja. Akiwa amepewa kile chenye klorfenapiri, huenda asubuhi akamwona mbu ametua juu ya wavu, kisha akaruka zake na kutokomea dirishani. Vyandarua vya zamani, siku zile mbu hawajawa sugu, vilimwangusha sakafuni. Mama atasema hiki hakina dawa, jirani atasikia, na baada ya wiki moja chandarua kitakuwa kinalinda miche ya nyanya. Wanasayansi wa maabara wenyewe walifanya kosa hilohilo kwa miaka, wakiwa na saa na hadubini. Mama hastahili kuchekwa.

Kwa hiyo zile dakika chache za kliniki zinahitaji kuongezwa moja. Muuguzi amweleze kwamba mbu huyo ameondoka na sumu miguuni, kwamba sumu hiyo huchelewa na anaweza kufa kesho, keshokutwa au siku ya tatu, mbali na macho ya watu, na kwamba malaria huhitaji mbu aishi zaidi ya wiki moja baada ya kumuuma mgonjwa ndipo aweze kumwambukiza mwingine. Amweleze akitandaze kivulini siku nzima kabla ya kukitumia mara ya kwanza, akifue kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha, akianike kivulini kwa kuwa jua huidhoofisha dawa, na akishone kinapotoboka, kwa uzi wowote, hata kama mshono utaonekana mbaya. Kisha aandike jina kwenye rejista, na amwite anayefuata.